Televisheni ya Shangazi, Deki ya Mama Pacha

Katika nyumba ya shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, televisheni ilikuwa ya shangazi na deki ilikuwa ya Mama Pacha, mpangaji wa chumba cha mbele. Kila kimoja peke yake kilikuwa pambo. Televisheni ilikuwa ya inchi 14, na antena yake, iliyofungwa kwenye boriti la mkoko, ilileta chenga kila kusi ilipovuma. Deki ilikuwa mpya. Mume wa Mama Pacha, dereva wa malori ya masafa, aliileta kutoka safari, ikawekwa juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma, haijapata kuonja waya wa televisheni tangu itoke kiwandani. Wanawake hawa wawili walisalimiana vizuri, wakaazimana chumvi na mkaa, lakini hakuna aliyethubutu kumwomba mwenzake chombo. Chumvi humwishia mtu yeyote. Televisheni ukiiomba umekiri kwamba huna.

Mwisho wakaingia ubia. Masharti yalipangwa uani, sinia la mchele likiwa katikati yao na vidole vikichambua chuya. Televisheni haitoki sebuleni kwa shangazi. Deki inarudi kulala kwa mwenyewe kila usiku. Kodi ya CD ni nusu kwa nusu. Lilipofika suala la umeme wakasema, "Tutaelewana." Mikataba ya mdomo haikosi kifungu cha "tutaelewana", na ugomvi ukija hupitia hapohapo.

Kilichowakutanisha ni tamthilia ambayo mitaani tuliijua kwa jina la Second Chance. Kwao iliitwa El cuerpo del deseo, na yenyewe pia ilikuwa mali ya ubia. Upande mmoja ilikuwapo kampuni ya RTI ya Colombia, upande wa pili Telemundo, kituo cha Marekani kinachorusha matangazo kwa Kihispania. RTI walikuwa na hadithi mkononi. Mwandishi Julio Jiménez, Mcolombia, alikwisha kuiandika zamani, na RTI wakaitengeneza kwao mwaka 1992 kwa jina la En cuerpo ajeno. Telemundo walikuwa na kituo na mamilioni ya Walatino wanaoishi Marekani, lakini mpinzani wao, Univision, alijaza saa zake za usiku kwa tamthilia za Televisa ya Mexico, na mtu huwezi kushindana na jirani mwenye pishi la hadithi wakati wewe huna hata kibaba. Yaani shangazi hana deki, Mama Pacha hana televisheni. Wakakaa, wakapatana, hadithi ikapigwa upya Miami na kuanza kurushwa Julai 2005.

Waigizaji waliokotwa kila pembe ili kila soko lione mtoto wake: Mario Cimarro wa Cuba, Lorena Rojas wa Mexico, Martín Karpan wa Argentina. Tamthilia za Miami za miaka ile zilikuwa na desturi ya kulainisha lafudhi, mtu wa Bogotá asione kaletewa maneno ya Mexico, wala wa Mexico asione kaletewa ya Buenos Aires. Kisha ikatiwa sauti za Kiingereza, ikavuka bahari, na nakala zake zikatua kwenye kibanda cha CD mtaani kwetu. Pale hakuna aliyeuliza habari za hakimiliki.

Hadithi yenyewe haimtoki mtu kichwani. Pedro José Donoso, tajiri mzee, anaoa msichana mbichi, Isabel. Ghafla anakufa. Roho inakataa kwenda, inaingia mwili wa Salvador Cerinza, maskini wa shamba mwenye mke na mtoto. Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Huyu maiti alipewa ruhusa ya kurudi. Akarudi kwenye jumba lake akiwa na sura ya mtu mwingine, akaajiriwa humo kama mtumishi, akawa anafungua milango aliyoinunua mwenyewe. Na ndani akamkuta mjane wake yuko na Andrés Coronado, mtu aliyemwamini kuliko wote.

Usiku wa kwanza sebule ilijaa hadi ukumbini. Bibi, mama yake mume wa shangazi, aliwekewa kiti karibu na dirisha kwa ajili ya pumzi. Kiingereza hakukijua hata neno, lakini Salvador alipofumbua macho na kuangalia mikono yake kana kwamba ameiazima, Bibi alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Huyo kapandwa," akasema.

Akaeleza kama mtu aelezaye dawa ya mafua kwamba aliyepandwa haulizwi jina la mwili. Anaulizwa jina la aliyekuja, na anachotaka. Anafukiziwa ubani, anasikilizwa, anapewa chake, mambo yanaisha. "Jumba lote lile," akasema, "na watumishi wote wale, hakuna mmoja wa kumkalisha kijana chini akamuuliza yeye nani?" Kisha akaenda kulala, kwa kuwa kwake yeye kesi ilikwisha kuhukumiwa. Na kwa kweli Bibi alikuwa ameshika mhimili wa biashara nzima. Swali lile likiulizwa mapema, hakuna kesho, na tamthilia bila kesho haiuziki Bogotá wala Miami.

Sisi tuliobaki tulihitaji mkalimani. Mama Pacha alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, akapewa kazi hiyo bila uchaguzi. Akawa amekalia chungu: deki yake, na sasa maneno pia ni yake. Tatizo ni kwamba alikuwa upande wa Isabel. Isabel akitamka jambo baya, Mama Pacha alishikwa na kikohozi. Shangazi, ambaye alikuwa upande wa marehemu kufa na kupona, alichukua usiku kadhaa kuugundua ugonjwa huo. Alipougundua akamkalisha binti yake, binamu yangu wa kidato cha pili, kwenye mkeka mbele yake. Mama Pacha akikohoa, shangazi humgusa binti begani kwa kidole cha mguu, na binti hutoa tafsiri iliyomezwa. Kuanzia hapo kila mbia akawa na wakili wake.

Mabishano yalihamia uani, kwenye majiko. "Mwanamke hana shukrani," shangazi alisema akipalia makaa juu ya mfuniko wa wali. "Katolewa kwenye shida, kavikwa dhahabu, na kaburi halijakauka kaingiza mwanamume ndani."

"Shikamoo yako, Bi Mkubwa," Mama Pacha akajibu akiwa na mwiko mkononi, "lakini mzee wa umri ule, nani alimtuma kuoa mtoto?"

Uani pakawa kimya. Mume wa shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee, alimzidi shangazi kwa umri wa kutosha, na wakati ule alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, kibaraghashia usoni, hatua nne kutoka majikoni. Hakuinua kibaraghashia, akaendelea kupumua taratibu kama mtu aliyezama usingizini. Siku ile wali uliungua juu na chini.

Huyu Mzee alijifanya haangalii tamthilia. Alisema ni mambo ya wanawake, akajipangia kusoma gazeti sebuleni muda uleule, na gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita. Kumbe alikuwa amejifunza somo moja kubwa kutoka kwa Pedro José Donoso: ukitaka kujua nyumba yako, usiwepo. Yeye hakuwa na mwili wa kuazima, akatumia usingizi. Akawa analala kila mahali. Kwenye baraza baada ya adhuhuri, kwenye mkeka baada ya magharibi, hata kwenye kiti cha uani jua likiwa linamchoma goti. Watu wakamhurumia, wakasema Mzee anachoka. Wakapita mbele yake wakizungumza yote.

Ndivyo alivyosikia bei ya dagaa.

Kodi ya CD, unaona, haikutoka mfukoni mwa wabia. Shangazi hakuwa na mshahara, na mume wa Mama Pacha alituma pesa lori lilipotaka. Fungu la dagaa la shilingi 500 likawa linaripotiwa kwa Mzee kuwa ni 700, na zile 200 zilikwenda kibandani moja kwa moja. Nusu ya Mama Pacha nayo mara nyingi ilikuwa "deni", likifutwa kwa kuchota kutoka chanzo hichohicho. Siku hiyo wanawake wawili walikaa karibu na kiti cha kamba wakipanga dagaa wapande hadi 800, kwa kuwa sasa ilibidi kukodi CD mbili kwa mpigo. Mzee alikuwa amelala fofofo. Jioni akaambiwa 800, akatoa 800, akasema tu, "Bahari imekuwa ngumu." Hakuongeza neno. Mtu wa pili niliyepata kumwona akiweka siri usoni namna ile alikuwa Mario Cimarro.

Kisha kikaja kile kifungu cha umeme.

Ilikuwa usiku wa Ijumaa. Ángela, binti wa marehemu, yuko na Salvador bila kujua kwamba anaongea na baba yake. Sebule nzima imeacha kutafuna. Salvador anafungua mdomo. Giza. Tulidhani mtaa mzima umekatika, lakini kupitia dirishani taa za jirani zilikuwa zinawaka na redio yake inaimba. LUKU yetu ilikuwa imekwisha.

"Zamu ya nani?" shangazi akauliza gizani.

"Zamu?" sauti ya Mama Pacha ikajibu. "Tangu lini kulikuwa na zamu? Mwenye nyumba ndiye mwenye mita."

"Na mwenye deki?"

"Deki inakula kiasi gani? Televisheni ndiyo mlafi."

Pale gizani ilitolewa hesabu ambayo haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha fizikia. Shangazi akakumbusha feni la Mama Pacha linalozunguka usiku kucha. Mama Pacha akakumbusha pasi ya Mzee, kanzu kila Ijumaa. Feni likaleta maji ya kisima, maji yakaleta zamu za kufagia choo, choo kikaleta jambo la mwaka juzi ambalo wote tulidhani limezikwa. Mama Pacha akapapasa hadi kwenye meza, akachomoa nyaya, akabeba deki yake kifuani kama mtoto aliyetolewa kwenye moto, akaondoka na kitambaa chake cha kufuma.

Asubuhi Mzee alikwenda kununua umeme, akasimama mbele ya mita na kubonyeza tarakimu 20 moja baada ya nyingine bila haraka. Taa zikawaka. Ubia haukuwaka.

Nyumba ikarudi enzi za mapambo. Sebuleni televisheni ikionyesha chenga, chumba cha mbele deki ikionyesha kitambaa. Wanawake wakawa wanapishana ukumbini wakisalimiana kwa "Salama?" "Salama" kavu isiyo na mafuta. Mapacha, waliokuwa na umri wa kuanza shule, walifanywa mabalozi: "Mama kasema ndoo yetu." "Mwambie mama yako ndoo iko palepale alipoiacha." Na juu ya kabati la shangazi ilibaki CD ya mwisho ya seti, imekodiwa Ijumaa ileile, haijaangaliwa, na kijana wa kibanda anaihesabia siku.

Kilichowapatanisha ni deni hilo. Kijana wa kibanda alikuja na daftari, akapiga hodi mlango wa mbele, akaomba fedha za CD iliyolala. Kila mmoja akamwelekeza kwa mwenzake, naye, mwerevu, akaketi barazani akasema hana haraka, siku zinaendelea kuhesabika. Saa ile shangazi alipakua sahani ya wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akawapa mapacha wapeleke kwa mama yao. Pwani sahani hairudi tupu. Ilirudi na maandazi manne, na juu ya maandazi, zimekunjwa vizuri, nyaya za deki: nyekundu, nyeupe na njano.

Hakuna aliyeomba radhi. Nimekuja kuamini kwamba hata kule Colombia na Marekani haikuwa tofauti sana. Wabia hawakai pamoja kwa kuaminiana. Wanakaa kwa sababu kila mmoja ameshika nusu ya kitu ambacho wote wanataka kukiona kesho. Upendo ukiwepo ni faida ya juu.

Magharibi sebule ikajaa tena. Hata Bibi alirudi kwenye kiti chake cha dirishani, aone kama kuna aliyefuata ushauri wake. Shangazi akanyoosha mkono juu ya kabati achukue CD. Mkono ukarudi mtupu. Tukapekua kabati, tukainua makochi, tukatikisa magodoro, tukawahoji mapacha kwa pamoja na mmojammoja. Mama Pacha akaanza kusema kwamba yeye hakuingia sebuleni tangu Ijumaa, na sauti ilikuwa imeanza kupanda, binamu yangu alipoita kutoka uani.

Uani kulikuwa na dagaa wameanikwa juu ya bati, na juu ya dagaa kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Kunguru wa Tanga ni watu wazima, hawaogopi mtoto wala fimbo. Lakini siku zile walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa jirani, wamejipanga, wanatazama tu. Kwenye kamba ilining'inia sahani ndogo ya fedha, imepitishwa uzi wa nailoni kwenye tundu la katikati, inazunguka na upepo na kurusha mimweko ya jua la mwisho kwenye kuta zote. Juu yake, kwa kalamu ya wino mzito, imeandikwa "S. CHANCE MWISHO". Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini safari hii kunguru naye alikula hasara.

"Nani kaitundika hii?" shangazi akauliza, ingawa uzi wa nailoni ule ulikuwa wa mshipi, na mvuvi wa mshipi nyumbani alikuwa mmoja.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, amelala. Shangazi akamwita. Akaita tena. Mzee akainua kibaraghashia, akaitazama CD, akawatazama wanawake wawili, akasema kwa upole kabisa:

"Niliona imekaa tu, haina mwenyewe. Na dagaa wa shilingi 800 lazima walindwe."

Sijapata kusikia ua ule ukinyamaza namna ile. Mama Pacha alishikwa na kikohozi chake cha zamani, na safari hii hakuna aliyehitaji tafsiri. Shangazi aliitazama miguu yake. Yule mtu waliyempikia, wakamdanganya na kumhurumia kwa uchovu alikuwa macho muda wote ndani ya mwili uliolala. Bibi pekee ndiye aliyecheka, akasema kutoka dirishani kwamba yeye alishauri mapema watu waulizane.

CD ilifutwa kwa kanga, ikapulizwa, ikawekwa. Deki ikailamba, ikaguguna, ikatoa picha. Ilicheza vizuri kwa muda, kisha jua na mchanga wa siku zile vikaanza kudai haki yao: nyuso zikakatika vipande vya mraba, sauti ikabaki nyuma, Andrés Coronado akaganda amekunja ngumi, na katikati ya dakika ambayo tuliingoja tangu mwanzo, deki ikaandika kwa herufi za buluu kwamba haisomi kitu. Mwisho wa Second Chance hatukuuona usiku ule, na sitaumwaga hapa kwa ambaye bado hajauona. Ninachoweza kusema ni kwamba uani ilitolewa miisho miwili kamili. Katika mwisho wa shangazi, Isabel anapoteza kila kitu. Katika mwisho wa Mama Pacha, mzee anamwachia huru na kuomba msamaha kwa kumwoa. Yote miwili ilisimuliwa kwa siku nyingi, na yote miwili ilikuwa na wafuasi mtaani.

Kijana wa kibanda alitaka fidia ya CD. Mzee akalipa bila kubishana, kisha akauliza kama ana nyingine ya mwandishi yuleyule. Ilikuwapo. Pasión de Gavilanes ya mwaka 2003, Julio Jiménez tena, Mario Cimarro tena: ndugu watatu wanakuja kulipiza kisasi cha dada yao na kuishia kuwapenda mabinti watatu wa nyumba ya adui. Safari hii RTI ilitengeneza kwa ajili ya Telemundo na Caracol ya Colombia, kwa hiyo majina ya wenye mali yalikuwa matatu.

"Vipindi vingapi?" Mzee akauliza.

"188, Mzee."

Akafikiri kidogo. Akasema naye anaingia ubia, na kwamba safari hii inaandikwa. Ikaletwa karatasi ya daftari la binamu yangu. Gharama zote, CD na LUKU, zikagawanywa mafungu matatu sawa, kifungu cha umeme kikiwa cha kwanza na kimepigiwa mstari. CD zitatunzwa na Mzee. Dagaa, akaongeza huku akivaa viatu, kuanzia leo atakwenda kununua mwenyewe soko la Deep Sea.

Wanawake wakatia saini wakiwa na furaha ya kupata mbia mwenye fedha. Mzee alikuwa ameshafika kona ya mtaa Mama Pacha alipoanza kuhesabu kwa vidole, akasita, akaanza upya. Theluthi moja. Zamani Mzee alikuwa akilipa zote.